Mtoto anapojenga jeshi sebuleni

Juma lililopita niliahidi kuendelea na habari ya vikundi vya kuweka na kukopa. Mniwie radhi, itasubiri. Nimetoka Nyumba ya Mungu kwa dada yangu, na niliyoyakuta kule yamenikaa kichwani tangu nilipopanda gari Mwanga mjini kurudi Same.

Dada alinipigia simu usiku. Hakusalimia sana. "Mdogo wangu, njoo uzungumze na shemeji yako, anataka kuchoma vitu vya mtoto." Nikamuuliza vitu gani. "Askari." Nikadhani mtandao unasumbua. Askari gani wa kuchomwa? Asubuhi nikapanda gari.

Askari wenyewe ni wa plastiki, 44, na kila mmoja ana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, kama pingili ya juu ya kidole gumba. Walitumwa na ndugu yetu aliyeko Ujerumani, ndani ya begi la nguo za mitumba, kwa mpwa wangu anayesoma kidato cha kwanza. Ni askari wa zamani za Ulaya: wapiga upinde wa Kiingereza na mashujaa wa Kifaransa waliovaa chuma kuanzia kichwani mpaka vidole vya miguu. Boksi lina picha ya vita vya Agincourt, vilivyopiganwa tarehe 25 Oktoba 1415. Watu wazima kule Ulaya na Marekani huwapaka rangi askari hawa, mmoja mmoja, kisha huwapanga mezani na kucheza vita kwa kanuni, kwa kupima hatua kwa rula na kurusha dadu. Si mchezo wa watoto peke yao. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilianza kuutumia mchezo wa namna hiyo, uliotengenezwa na ofisa aitwaye Reisswitz, kuwafundisha maofisa wake. Na mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alitoa kitabu kizima cha kanuni za vita vya sakafuni, akisema afadhali watu wamalize hamu ya vita kwa vinyago kuliko kwa damu. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ikaanza, kwa hiyo naona hawakumsikiliza.

Nilipofika nilimkuta shemeji amekaa nje na nyavu zake. Uvuvi ulikuwa umesimamishwa ili samaki wazaane, na mvuvi asiyeingia majini ni mtu wa kumkaribia taratibu. Wanaolijua bwawa hili wananielewa. Maji yale, yaliyozuiwa miaka ya 1960 pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana na kuwa Pangani, yanatoa umeme tangu 1968, lakini kwa watu wa Lang'ata na Kagongo umeme ni habari ya gridi ya taifa. Habari yao ni perege na kambale. Perege asipovuliwa, ada haipo, unga unapimwa kwa kikombe, na baba anaanza kuona kila kitu ndani ya nyumba kuwa ni upotevu.

"Shemeji, karibu," akaniambia. "Nenda kaangalie meza yangu imekuwa kambi."

Kweli. Meza ya kulia chakula ilikuwa imejaa vifuniko vya soda vyenye rangi, na juu ya kila kifuniko kingine amesimama mtu mdogo wa kijivu. Mpwa wangu hakuinua hata kichwa. "Shikamoo mama mdogo, naomba usitikise meza."

Nitawaeleza kazi yenyewe, maana nilikaa naye siku tatu na mimi nikashika brashi, na nina hakika kuna wazazi ambao mtoto akiwaletea jambo kama hili hawatajua pa kuanzia.

Mara ya kwanza aliwapaka rangi ya kucha ya dada yake. Ilikaa siku moja, kisha ikabanduka vipande vipande kama gaga la kidonda. Plastiki laini ya askari wale haipendi kushika rangi, tena inatoka kiwandani ikiwa na mafuta mafuta. Akatafuta maelezo kwenye simu ya mama yake, akajifunza. Kwanza unawaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa mswaki uliochakaa, unawaanika kivulini. Halafu unawapaka gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji. Ikikauka inawavika ngozi ambayo rangi itashika. Ndipo unaweka rangi ya chini, nyeusi au kahawia, na juu yake rangi zenyewe: nyekundu ya fulana, rangi ya ngozi, fedha ya chuma. Rangi iwe nyepesi, upake mara mbili. Ukipaka nzito mara moja unafukia pua na macho, unabaki na kidonge.

Hapo askari bado anaonekana kama mdoli. Uhai unakuja kwa mambo mawili. La kwanza, unachukua rangi nyeusi, unaizimua mpaka inakuwa kama maji ya majivu, unamwagia kidogo. Inakimbilia kwenye mikunjo ya nguo na chini ya kidevu na kukaa huko, na ghafla mtu ana kivuli. La pili, unachovya brashi kwenye rangi ya mwanga, unaifuta kwenye kitambaa mpaka unadhani imeisha, halafu unapitisha juu juu. Rangi inagusa sehemu zilizoinuka tu: goti, pua, ukingo wa ngao. Nilipofanya hivyo kwa mpiga upinde wangu wa kwanza nikapiga kelele, dada akatoka jikoni na mwiko.

Brashi alitengeneza mwenyewe kutokana na ile ya rangi ya kucha, akipunguza nywele kwa wembe mpaka zikabaki chache. Nikamwona analamba ncha ili ichongoke. Hapo nilimkemea, na nawaambia nanyi: mtoto asilambe brashi ya rangi, hata siku moja. Na asipewe mabaki ya rangi ya mafuta ya milango na mageti. Baadhi ya rangi hizo, hasa za njano na nyekundu kali, zimewahi kuwa na madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inaharibu ubongo polepole bila kupiga hodi. Askari wa zamani wa kuchezea wenyewe walikuwa wakitengenezwa kwa risasi. Mtu akikuletea wa namna hiyo, wazito, wa chuma kinachokwaruzika kwa kucha, waweke juu ya kabati wawe pambo. Rangi za maji za shuleni zinatosha.

Basi usiku wa kwanza, baada ya chakula, nikazungumza na shemeji. Alikuwa na malalamiko yake na sitayadharau hapa, kwa sababu ni baba, na nyumba ni yake. Alisema hizo ni sanamu. Alisema dadu ni kamari, na kamari haijawahi kuingia nyumbani kwake. Alisema kijana wa umri ule anatakiwa ajue kushona wavu. Kisha akanyamaza, akasema lile ambalo nadhani ndilo lilikuwa linamsumbua: "Na hapa kwetu hatuchezei vita. Mzee hapendi."

Mzee ni baba yake. Alikwenda Kagera mwaka 1978, Idi Amin alipovamia, akarudi 1979 baada ya Kampala kuanguka. Ana zaidi ya miaka sabini na hajawahi kuisimulia vita ile nyumbani kwake. Shemeji amekua bila kuijua. Alipokuwa mdogo alichonga bunduki ya mti, mzee akaichukua, akaivunja kwa goti, akamrudishia vipande bila neno. Ndiyo maana shemeji alipoona jeshi juu ya meza, alitaka kulichoma kabla mzee hajaliona.

Kuhusu sanamu nilimwambia ukweli wangu, kwamba sijaona mtu anayeviabudu. Sote tulifinyanga ng'ombe wa tope tulipokuwa wadogo na hatukuwasujudia, tuliwachunga. Kuhusu wavu nilikubaliana naye, na kijana akapewa saa mbili za wavu kila asubuhi kabla ya kugusa brashi. Kuhusu dadu nilishindwa. Kuhusu mzee sikuwa na jibu.

Siku ya pili mzee akaja mwenyewe. Hakuitwa. Anakaa nyumba ya tatu, na harufu ya habari ilishamfikia. Tukamwamkia, akaitikia marahaba kwa wote, akavuta kiti mpaka mezani. Shemeji alisimama mlangoni kama mtu anayesubiri kuezuliwa paa.

Mzee akamchukua shujaa mmoja wa Kifaransa, akamgeuza geuza. "Huyu amevaa chuma chote hiki?"

"Ndiyo, babu. Mvua ilinyesha usiku, shamba lilikuwa limelimwa. Wakazama kwenye tope, Waingereza wakawapiga mishale."

Mtoto wa Nyumba ya Mungu haelezwi tope ni nini, na babu yake pia. Mzee akaguna. Akaitazama meza yote, mstari kwa mstari. Kisha akauliza swali ambalo mimi, katika siku mbili za kupaka, halikunijia.

"Mizigo yao iko wapi?"

Kijana hakuelewa.

"Nauliza mizigo. Hakuna anayebeba sufuria. Hakuna anayebeba maji. Hawa wote wameshika silaha. Wanakula nini?"

Mpwa wangu akaangalia boksi. Akahesabu. Kweli, katika watu 44 hakuna hata mmoja aliyebeba kitu cha kula.

Niwakumbushe jambo la bonde letu hili hili. Mei 1916, wakati wa vita ya Waingereza na Wajerumani, majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka kufuata Mto Pangani na reli ya Tanga, Wajerumani wakirudi nyuma kuelekea Same na Usambara. Nyuma ya kila askari walikuwako wapagazi, wazee wetu, waliochukuliwa na pande zote mbili kubeba unga, risasi na majeruhi. Katika vita ile ya Afrika Mashariki wapagazi waliokufa walikuwa wengi kuliko askari, na wengi waliuawa na njaa na magonjwa, si na risasi. Jina Kariakoo la Dar es Salaam limetokana nao, na kila siku tunalitaja tukienda kununua kitenge. Lakini kwenye boksi la vita hawamo.

"Sisi tulitembea," mzee akasema. "Mnasikia redioni tulifika Kampala, mnadhani tulipanda basi. Tulitembea, na mizigo mgongoni."

Akaanza kusimulia. Alikuwa na mwenzake, kijana mwenzake wa milimani, aliyepewa kubeba sufuria kubwa ya kikosi. Alikuwa anaichukia, maana ilikuwa inagonga na kutoa sauti, na wenzake wakimtania kwamba adui atawasikia kwa ajili yake. Akaizoea. Mvua ikinyesha aliivaa kichwani.

Aliyosema mzee baada ya hapo hakuyasema kwa ajili ya gazeti, na nilimwahidi hivyo. Ninachoweza kuandika ni kwamba alizungumza mpaka jua likashuka upande wa Simanjiro, kwamba dada alizima jiko akaja kukaa chini, na kwamba shemeji hakuondoka mlangoni. Alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza mambo ya baba yake, naye ana mvi.

Mzee alipomaliza alimwambia mjukuu, "Nitengenezee mmoja wa sufuria."

Plastiki ya ziada hakuna, kwa hiyo siku ya tatu ilikuwa ya udongo. Tulichukua udongo wa mfinyanzi, tukauchekecha, tukauchanganya na majivu kidogo usipasuke, tukaweka kipande cha waya ndani kama mfupa wa mguu. Ukauanika kivulini, siyo juani, maana jua linaupasua kabla haujakomaa. Wawili wa kwanza walivunjika kiuno. Wa tatu akasimama. Rangi yake haikutoka dukani: masizi ya sufuria kwa nyeusi, chokaa kwa nyeupe, udongo mwekundu wa njia ya Usangi kwa ngozi na mzigo, vyote vikishikwa na ile gundi ya mbao. Nawaambia, rangi ile ya udongo ilikaa vizuri kuliko za kununua.

Kutoka hapo kijana akafunguka. Akaniuliza kama sisi huku Upareni tulikuwa na vita vyetu wakati Wazungu wanavaa chuma. Nikafurahi, kwa sababu hilo nalijua kidogo. Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika historia ya siasa ya Wapare, ikatoka 1969, na ameianzia karibu mwaka 1500. Ndani yake mna habari ya Ugweno, milima ile ile anayoiona akifungua dirisha. Washana, ukoo wa wahunzi, walitawala kwa sababu chuma kilikuwa mikononi mwao. Wasuya wakawapindua, kiongozi wao akiitwa Angovi, na mwanawe Mranga akaipanga nchi upya. Chuma cha Wapare kilikwenda mpaka kwa Wachaga. Na mwaka 1505, miaka 90 tu baada ya vita vya kwenye boksi lake, Wareno wa Francisco de Almeida waliteremka Kilwa na kisha Mombasa na chuma chao, wakateka miji. Kwa hiyo si kweli kwamba zama zile zilikuwa za Ulaya peke yake. Kijana ameshaanza kumfinyanga mhunzi wa Kishana mwenye nyundo. Mviriba umemshinda kwa sasa.

Mzee naye akaongeza la kwake. Baba yake, alisema, alikuwa miongoni mwa maelfu ya Wapare walioshuka milimani mwaka 1945 wakaja kukaa Same kuipinga kodi ya mbiru, iliyokuwa inapimwa kwa kukisia mali ya mtu. Hawakuja na mikuki. Walikaa tu, mbele ya ofisi za mkoloni, na wakaendelea kukaa, mpaka baadaye kodi ile ikaondolewa.

Mpwa wangu akafikiri sana. "Babu, sasa hiyo kwenye meza tunachezaje? Upande mmoja hausogei."

"Ndiyo kazi yako hiyo," mzee akamjibu, akachukua fimbo yake akaenda kulala.

Wasomaji wangu, najua mtaniandikia kuniuliza kama mchezo wa vita unamfanya mtoto awe mkali. Mimi si daktari wa akili. Ninachoweza kusema ni kile nilichokiona: kupaka uso wenye ukubwa wa punje ya choroko kunahitaji mtu atulie, apumue taratibu, na arudie. Kijana huyu, ambaye mwalimu wake alimlalamikia kwa mama yake kwamba hakai kitini, alikaa saa tatu bila kuinuka. Kama wako ni mkali, mtazame anacheza nini na nani, na kaa karibu. Kumnyang'anya na kuchoma ni rahisi, na baba wengi tumewaona wakifanya hivyo, lakini kumbukeni bunduki ya mti iliyovunjwa kwa goti, na miaka mingapi ilipita kabla baba na mwana hawajazungumza tena jambo lile.

Gharama pia mtauliza. Boksi lilikuwa zawadi, na sitamshauri mtu aagize kutoka ng'ambo mwezi ambao hakuna samaki. Udongo ni bure. Gundi ya mbao chupa ndogo inatosha jeshi zima. Mengine ni ya jikoni.

Suala la dadu halikwisha vizuri. Shemeji alikataa kata kata, na dada akamuunga mkono, hivyo nikawa peke yangu. Kijana akaandika namba 1 mpaka 6 kwenye vipande vya karatasi, akavikunja, akaviweka kwenye kikombe cha chai, na sasa wanachomoa. Inachukua muda mrefu kidogo, na shemeji, ambaye alisema hatacheza, nilimwona akichomoa kwa niaba ya Wafaransa, akashindwa, akataka karatasi zikunjwe upya kwa sababu eti moja ilikuwa imejitokeza.

Jana nimepata ujumbe kutoka kwa mpwa wangu. Anaomba rangi nyeupe na brashi halisi, ndogo kabisa. Anasema uvuvi haujafunguliwa. Anasema babu ameitazama ile sufuria ya udongo akaikataa, ni ndogo mno, tena ameipaka masizi ndani na nje, wakati sufuria ya jeshi ilikuwa nyeusi nje tu. Ndani ilikuwa inang'aa, maana yule mwenzake alikuwa akiisugua kwa mchanga kila jioni. Anatengeneza nyingine.